Bunia na Kinshasa: ndege isibaki njia pekee

Kutoka Bunia hadi Kinshasa, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 1,770. Ndege ya jeti isiyotua njiani huhitaji saa mbili na nusu hadi tatu. Tena saa za Kinshasa ziko nyuma ya zile za Bunia kwa saa moja: anayeruka saa mbili asubuhi anaweza kutua wakati saa za mji mkuu zinaonyesha saa tatu na nusu au saa nne. Kwa hesabu hiyo, Kinshasa si mbali.

Kwa mkaaji wa Ituri asiye na pesa ya tiketi, hesabu ni nyingine. Kampala iko kilomita kama 300 tu kutoka Bunia. Hata Dar es Salaam, kwenye Bahari ya Hindi, kilomita kama 1,370, iko karibu kuliko mji mkuu wa nchi yake. Ndiyo maana wachuuzi wengi wa Bunia hutazama Uganda wanapotafuta bidhaa.

Njia ya nchi kavu ipo. Hupita Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende hadi Kisangani, karibu kilomita 700. Kutoka pale, mto Congo unashuka zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kinshasa. Lakini mvua hugeuza sehemu za barabara kuwa matope, na mashambulizi ya ADF na makundi mengine yenye silaha yameua wasafiri na kuchoma magari. Kuna sehemu ambako magari hungoja kusindikizwa na jeshi. Na anayefika Kisangani salama bado ana siku nyingi za mashua mbele yake.

Njia za angani nazo zimepungua. Ndege za kawaida za abiria zilisimama Goma tangu M23 ilipouteka mji huo Januari 2025. Kwa hiyo mzigo wote unaangukia ndege chache zinazotua Murongo. Tiketi inalipwa kwa dola, wakati mshahara wa mwalimu unahesabiwa kwa faranga. Mgonjwa aliyeandikiwa matibabu Kinshasa anabaki nyumbani. Mwanafunzi anakosa mwanzo wa masomo. Familia iliyofiwa inamlilia ndugu yake kwa simu.

Makampuni ya ndege yana sababu zao: mafuta husafirishwa kutoka mbali, na vipuri ni vya bei kali. Hata hivyo, msafiri hulipa pia Go-Pass, malipo yaliyowekwa kwa ajili ya kuendeleza viwanja vya ndege. Ana haki ya kuonyeshwa, kwa hesabu zilizo wazi, pesa yake imejenga nini Bunia.

Serikali inapaswa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, ivutie makampuni zaidi kuja Murongo, ili bei ishuke kwa ushindani. Pili, ambayo ni kubwa zaidi, irudishe usalama kwenye barabara ya Kisangani na kuitengeneza. Wanaoahidi hayo wakija Bunia huja kwa ndege na kurudi kwa ndege. Siku waziri atakapofika kwa gari kutoka Kisangani bila kusindikizwa, wakaaji wa Ituri watajua kwamba Kinshasa imewakaribia.