Mkulima asiifute vali ya hewa kwenye orodha

Mkulima anaponunua pampu, tenki na mipira ya matone, hupiga hesabu ya kila kifaa kwa makini. Lakini akifika kwenye vali ya kuingiza hewa, mara nyingi huifuta kwenye orodha akiamini kuwa anabana matumizi. Huko si kubana matumizi, ni kuahirisha hasara.

Vali hiyo si kitu cha ajabu. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Bomba likijaa maji, msukumo wake hukibana kiwambo kwenye tundu, maji yasitoke. Pampu ikizimwa, maji yaliyo mwinukoni huteremka kwa uzito wake na kuacha ombwe nyuma. Hapo hewa ya nje, ambayo katika usawa wa bahari ina mgandamizo unaolingana na kina cha maji cha mita 10 hivi, hukisukuma kiwambo, ikaingia na kuliondoa ombwe.

Pasipo na vali, hewa hujitafutia njia. Katika umwagiliaji wa matone, njia hiyo ni vitundu vilivyolala juu ya udongo, navyo hufyonza tope. Vitundu vikiziba, mche mmoja hunyauka wakati wa jirani umestawi, na mkulima humlaumu muuza mbegu. Mabomba membamba nayo hubonyea. Hata tenki la plastiki lisilo na tundu la kupumulia laweza kujikunja maji yakitolewa kwa kasi.

Zito zaidi ni suala la mbolea. Wapo wanaoichanganya kwenye maji ya kumwagilia. Ombwe likitokea upande wa kisima, mchanganyiko huo unaweza kuvutwa hadi kisimani, ambako familia huchota maji ya kunywa. Shamba la namna hiyo linahitaji vali mbili: ya kuzuia maji yasirudi na ya kuingiza hewa.

Kiwambo hutumika pia kuongoza maji ya zamu. Maji kidogo huingizwa juu yake. Kwa kuwa upande wa juu ni mpana kuliko tundu la chini, msukumo ukiwa sawa kiwambo hufunga njia. Maji ya juu yakiachiwa, kiwambo huinuka na maji hupita.

Wenye maduka nao wana wajibu. Anayeuza seti bila vali, wala asimweleze mteja, amejipatia mteja wa siku moja tu. Amwambie pia kwamba vali hufungwa mahali pa juu kabisa pa bomba, na kwamba mpira wake ukaguliwe kila msimu, kwani hukakamaa na kupasuka.

Wahenga walisema rahisi ghali. Kipande cha mpira hakipaswi kumgharimu mkulima shamba zima.