Goti Likilalamika, Badili Zoezi Usikae Kitako

Ukitoka nje alfajiri katika mitaa ya Nairobi, iwe ni Buruburu, Lang'ata au Kasarani, huwakosi watu wanaokimbia. Wengi wao si vijana. Ni akina baba na akina mama waliovuka miaka 40, ambao daktari amewaonya kuhusu shinikizo la damu, au ambao wameona suruali na rinda vikianza kukataa kufungwa. Wengine hujitayarisha kwa mbio za marathoni za Nairobi, ambazo tangu zianzishwe 2003 zimewavutia hata wafanyakazi wa ofisini wasio na nia ya kushindania medali. Hilo ni jambo la kupongezwa.

Taabu huanza siku goti linapoanza kuuma. Hapo mhusika hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayemeza vidonge vya kutuliza maumivu na kuendelea kukimbia kana kwamba hakuna lolote. Na kuna anayezisukuma raba zake chini ya kitanda na kusema kwamba enzi zake zimepita. Wote wawili wanajidhuru, lakini huyu wa pili yumo katika hatari zaidi. Baada ya miezi michache uzito utakuwa umeongezeka, presha itarudi, na goti lenyewe, badala ya kupata nafuu, litakuwa gumu zaidi.

Mbona goti huuma?

Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na telezi linalozuia mifupa isisuguane. Watu wengi huamini kwamba kukimbia hulimaliza gegedu kama lami inavyomaliza gurudumu la gari. Sivyo. Uchunguzi umeonyesha kwamba watu wanaokimbia kwa kujipa afya, si kwa mashindano makali, hawaugui uchakavu wa magoti kuliko wenzao wasiokimbia. Mara nyingi kinacholeta matatizo ni jeraha la zamani, uzito mwingi, misuli dhaifu ya mapaja, au pupa ya kuanza na kilomita nyingi baada ya miaka ya kukaa tu.

Jambo lingine ambalo watu hawalifahamu ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutoka kwa ute uliomo ndani ya kiungo, nao ute huo huingia na kutoka gegedu linapobanwa na kuachiliwa, mfano wa sifongo ndani ya maji. Kwa hivyo mtu anayeketi kutwa ofisini, akaketi tena ndani ya matatu kwenye msongamano, kisha akaketi mbele ya televisheni, analinyima goti lake chakula. Goti linalouma halihitaji kustaafishwa. Linahitaji kupewa kazi nyepesi.

Wepesi huo unaweza kupimwa. Tuseme wewe ni baba wa miaka 48 mwenye uzito wa kilo 80. Unapokimbia, kila mara mguu unapotua chini hupokea mshindo wa mara 2 hadi 3 ya uzito wako, yaani kilo 160 hadi 240. Unapotembea, mshindo huo hupita uzito wako kidogo tu. Ukisimama ndani ya maji yanayokufika kiunoni, miguu hubeba takriban nusu ya uzito wako, na yakifika kifuani hubeba kidogo zaidi ya hapo kwenda chini. Sasa unaweza kuchagua.

Kutembea

Hili ndilo zoezi la kwanza, na halina gharama. Lakini tusidanganyane: kutembea huku ukitazama madirisha ya maduka si mazoezi. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Ukishuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya kwako, asubuhi na jioni, utazipata bila ya kutafuta wakati mwingine.

Tafuta udongo badala ya saruji. Wakazi wa Nairobi wana msitu wa Karura na Arboretum. Hata wanariadha wetu kule Iten hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwenye barabara za udongo. Jihadhari na miteremko, kwa kuwa goti huumia zaidi unaposhuka kuliko unapopanda. Vivyo hivyo kwa ngazi: panda kwa miguu, na kama lifti inafanya kazi, shuka nayo.

Maji

Kuogelea huupa moyo na mapafu kazi bila ya kuligonga goti. Na usiseme kwamba hujui kuogelea. Kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni, kwenda na kurudi kwa dakika 20, ni zoezi zito kuliko linavyoonekana, maana maji hukuzuia kila hatua. Ndugu zetu wa Mombasa wanaweza kufanya hivyo bila malipo katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta bahari ikiwa shwari. Anayeogelea, goti likimsumbua, aepuke ule mtindo wa kupiga miguu kama chura, kwa sababu hulipinda goti upande.

Baiskeli

Baiskeli hulikunja na kulikunjua goti mara nyingi bila ya kulibebesha mwili mzima. Kosa la wengi ni kukiweka kiti chini mno. Kanyagio likiwa chini kabisa, goti lako linapaswa kubaki limekunjika kidogo tu. Kiti kikiwa chini kupita kiasi, utaumwa na sehemu ya mbele ya goti na kuilaumu baiskeli bure. Barabara za mjini zina hatari zake, kwa hivyo chagua Jumapili alfajiri, uvae kofia ya kujikinga, au utumie baiskeli isiyosogea ya kwenye jimu.

Dansi

Naam, dansi. Fungulia zilizopendwa sebuleni na ucheze rumba nusu saa na mwenzako. Miguu haipai, moyo unapiga mbio, na jasho linatoka. Lakini kuruka kamba, pamoja na kucheza kandanda na vijana siku ya Jumapili, si mbadala wa kukimbia. Kamba ina mshindo uleule, na kandanda ina mageuko ya ghafla ambayo ndiyo hukata kano za goti.

Usisahau mapaja

Misuli ya mapaja ndiyo walinzi wa goti. Ikilegea, mshindo wote huangukia kiungo. Mara mbili au tatu kwa wiki, keti kwenye kiti kigumu, kunja mikono kifuani, kisha simama na kuketi polepole mara 10. Pumzika, halafu rudia. Baadaye lala chali, kunja mguu mmoja, na uinue ule mwingine ukiwa umenyooka, uushikilie kwa sekunde 5, kisha uushushe. Akina mama waliofika umri wa kukoma hedhi walitilie hili maanani zaidi. Wakati huo mifupa hupungua nguvu, na kuogelea peke yake au baiskeli peke yake haviiimarishi mifupa kama kutembea na mazoezi ya nguvu.

Na kama una uzito wa ziada, jua kwamba kila kilo moja unayoipunguza huliondolea goti takriban kilo 4 za mzigo kwa kila hatua. Ukipunguza kilo 5, goti litakuwa limetuliwa kilo 20 hatua baada ya hatua, kutwa nzima.

Utajuaje kwamba umezidisha?

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Lakini yakiwa bado yapo au yamezidi kesho yake asubuhi, punguza muda au mwendo. Mwone daktari bila kuchelewa goti likivimba, likiwa la moto, likikwama, likilegea ghafla unapotembea, au likikunyima usingizi usiku. Usijitibu kwa vidonge vya dukani mwezi baada ya mwezi. Vingi vyavyo vinaweza kudhuru tumbo na figo na kupandisha presha, ile ile uliyoanza kukimbia kwa sababu yake. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha au sukari na azungumze na daktari wake kabla ya kuanza zoezi jipya.

Je, utakimbia tena? Wengi hukimbia. Goti likitulia na mapaja yakipata nguvu, anza upya kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, kwenye udongo, mara mbili kwa wiki. Ikiwa haiwezekani, hujapoteza kitu. Moyo haujui kama umekimbia, umeogelea au umecheza rumba. Unachojua ni kwamba umefanyishwa kazi.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu baada ya baba kuuacha mezani, una wajibu pia. Mzazi anayeambiwa "nenda ukafanye mazoezi" huwa na visingizio mia. Anayeambiwa "baba, nisindikize" huvaa raba. Mtoe jioni ya leo, muende pamoja nusu saa.

Tukutane Jumapili ijayo.