Mpendwa, Yesu Hakukuita Uje Uchoke



Leo kabla sijakuletea neno, nina jambo la kutubu mbele yako.

Jumapili iliyopita baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu alinifuata nje. Anauza mboga sokoni hapa Machakos. Huamka saa tisa usiku kwenda kuchukua sukuma wiki na nyanya, na hurudi nyumbani giza likiwa limeingia. Jumatano yuko kwenye maombi ya akina mama. Ijumaa yuko kwenye kesha. Wiki hiyo pia alikuwa anamaliza mfungo wa siku saba. Akaniambia, "Pasta, nimechoka. Na nikichoka hivi naogopa kwamba Mungu amenikasirikia."

Nilimjibu haraka, vile tumezoea: "Mama, ongeza maombi. Adui anakupiga vita kwa sababu baraka yako iko karibu." Akasema amina, akaenda zake.

Usiku huo usingizi uliniruka. Nilifungua Mathayo 11 kuanzia mstari wa 28, pale Yesu anapowaita wote wanaosumbuka na kulemewa na kuwaahidi kwamba atawapumzisha. Nikajiuliza: huyu mama ameokoka miaka mingi, mbona bado hajapumzika? Jibu lilinichoma. Alikuja kwa Yesu na mzigo wake, na mimi mchungaji wake nikamwongezea mwingine.

Mpendwa, nitasema wazi hata kama wachungaji wenzangu hawatafurahi. Kuna mahubiri mengi nchini Kenya leo yanayochosha watu kwa jina la Yesu. Huna kazi? Unaambiwa hujafunga vya kutosha. Mtoto ameugua? Hujapanda mbegu. Ndoa inayumba? Hujanunua mafuta ya upako. Mtu anachukua mkopo wa simu ili atoe sadaka, na Jumatatu anaamka na deni, karo haijalipwa, na bado anaambiwa shida ni imani yake ndogo. Soma Mathayo 23:4 uone vile Yesu aliwakemea viongozi wa dini waliofunga mizigo mizito mabegani mwa watu huku wao wenyewe hawagusi hata kwa kidole. Mstari huo sisi wachungaji tunaupenda tukiwasema Mafarisayo. Mimi siku hiyo uliniangukia mwenyewe.

Unakumbuka Shakahola. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi. Miili iliyotolewa ilipita 400, na watoto walikuwemo. Walioponea walieleza kwamba walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Wengi wetu tulitazama habari zile tukatikisa kichwa, tukasema wale walipotoshwa. Ni kweli. Sisemi kwamba kesha la Ijumaa na Shakahola ni kitu kimoja, na Mungu anisamehe nikikufanya ufikirie hivyo. Lakini tujichunguze. Mafundisho yale yalisimama juu ya uongo mmoja: kwamba alichofanya Yesu msalabani hakitoshi, ni lazima uongezee mwili wako. Uongo huo ukihubiriwa kwa sauti ya chini, mtu hafi siku hiyo. Anachoka tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka anaanza kumwogopa Mungu aliyempenda.

Yesu akiwa msalabani alitangaza kwamba kazi imekwisha. Iko Yohana 19:30. Na Waefeso 2:8-9 inatuambia tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, ili asiwepo wa kujisifu. Kama kazi imekwisha, wewe unamalizia nini?

Sasa, katika maneno yale ya Mathayo 11 Yesu anazungumza pia habari za nira. Hapa sisi wa Ukambani tuna faida, kwa sababu nira tunaijua. Umeona mzee akifundisha maksai mchanga kulima. Hamfungi peke yake. Anamfunga pamoja na yule mkubwa anayejua mtaro. Mkubwa ndiye anayevuta plau. Mdogo anatembea kando yake, anajifunza hatua. Akianza kukimbia au kuvutana, shingo ndiyo inamuuma. Akitulia, siku inaisha na shamba limelimwa. Yesu anapokualika uvae nira yake, hakuongezei kazi. Anajifunga pamoja nawe, na uzito uko upande wake. Kama shingo yako inauma, mpendwa, jiulize ni nani mmefungwa pamoja. Labda si Yesu. Labda ni hofu, au ni mchungaji.

Tena mwangalie Elia katika 1 Wafalme 19. Nabii aliyeshusha moto Karmeli anamkimbia Yezebeli, anaketi chini ya mretemu, anaomba afe. Mungu alimfanyia nini? Hakumwitia mfungo. Hakumuuliza imani yake iko wapi. Alimwacha alale. Malaika akamletea mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye kabisa. Kuna siku jambo la kiroho kuliko yote unaloweza kufanya ni kula chakula na kulala.

Utaniuliza, "Kwa hivyo, Pasta, tuache kuomba? Tuache kufunga?" Hapana. Mimi bado nafunga, na kesha letu lipo. Lakini kuna tofauti kati ya mtoto wa nyumbani na kibarua. Wote wawili wanaweza kufagia ua uleule. Kibarua anafagia ili alipwe jioni, na asipofagia hana haki ya kuingia. Mtoto anafagia kwa sababu ni kwao, na hata akiugua asifagie, sahani yake iko mezani. Omba kama mtoto. Funga kama mtoto. Toa kile ulicho nacho, usikope ili umpe Mungu.

Jumanne nilienda sokoni, nikamkuta yule mama kwenye kibanda chake, nikamwomba msamaha. Nikamwambia, "Mama, Ijumaa hii usije kesha. Lala. Mungu hajakukasirikia." Alicheka kwanza, halafu akalia, huku anamfungia mteja nyanya. Akina mama watatu wa kanisa wamekubaliana kupokezana kumchukulia mboga alfajiri, siku mbili kila wiki. Wazee wetu waliliita jambo kama hilo mwethya: leo shamba lako, kesho langu. Wagalatia 6:2 inatuagiza tuchukuliane mizigo. Ingekuwa vyema kanisa lijulikane kwa hilo kuliko kwa sauti ya spika zetu usiku.

Na wewe unayesoma haya ukiwa kwenye matatu, au kitandani umekosa usingizi: labda hujaokoka, na umekaa mbali kwa sababu umeona jinsi sisi tuliookoka tulivyochoka. Nisamehe. Usituangalie sisi, mwangalie Yesu. Huhitaji kulipa kitu, wala kusubiri ibada ya Jumapili. Hapo ulipo sema nami:

Bwana Yesu, nimechoka kujibeba. Mimi ni mwenye dhambi na siwezi kujiokoa. Naamini ulikufa kwa ajili yangu ukafufuka. Nisamehe, nipokee, nipumzishe. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina.

Kama umeomba hivyo kwa moyo, umekuwa mtoto wa nyumbani. Niandikie nikuombee, na utafute kanisa karibu nawe linalokufundisha Neno. Halafu usiku wa leo zima simu, ulale. Mlinzi wako hasinzii.

Ubarikiwe, mpendwa.