TAMKO LA TAWI, UTENDE: MILANGO INAFUNGULIWA, NDOO ZISIONDOLEWE



Jumatatu tarehe 29 Juni 2020 shule zote nchini zinafunguliwa. Vyuo na kidato cha sita vilitangulia tarehe 1 Juni, na ndege za nje zimeruhusiwa tangu Mei. Utende tumeipokea habari hii kwa furaha, na sababu tunaijua. Wageni walipokatika, hakukosa mwenye hoteli peke yake. Alikosa nahodha, mpishi, mzamiaji, muuza samaki, msuka mikeka na kijana wa bodaboda. Wengi wamekula akiba hadi ikaisha.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Kilichoondolewa ni katazo. Ugonjwa haukuaga.

Tukitazame kisiwa chetu. Hospitali ya Wilaya ni moja, iko Kilindoni. Mgonjwa akizidiwa pale hana budi kuvushwa kwenda bara, na sasa ni kusi. Bahari ya mwezi wa saba kati ya Kilindoni na Nyamisati kila mmoja wetu anaijua. Anayekosa pumzi hawezi kungoja upepo utulie. Ndiyo maana kinga kwetu ina uzito kuliko kwa mtu aliye jirani na Muhimbili.

Wapo wanaosema mgeni ndiye ataleta corona. Tusimnyooshee kidole. Ndugu yetu anayerudi kutoka Dar es Salaam anaweza kuileta vilevile. Dawa ni utaratibu mmoja kwa wote.

Kwa hiyo Tawi linawaomba wanachama:

1. Ndoo za maji tiririka na sabuni zibaki shuleni, misikitini, madukani, dikoni na pale boti za Chole na Juani zinapopakia.

2. Manahodha msijaze abiria. Barakoa ivaliwe botini, na ya kitambaa ifuliwe kila siku.

3. Mwenye homa, kikohozi kikavu au kubanwa na pumzi asiende kazini, msikitini wala harusini. Apige 199, ni bure. Anayejifukiza na ajifukize, ila nyungu isimcheleweshe kufika kwa daktari.

4. Wazee na wenye kisukari, presha au pumu tuwapunguzie safari za sokoni. Vijana wawanunulie.

5. Mgonjwa asitengwe kwa maneno. Anayeogopa kusemwa huficha, na anayeficha huambukiza nyumba nzima.

Nasi viongozi tuanze na nafsi zetu. Mwaka huu wa 2020 ni wa uchaguzi, vikao vitakuwa vingi. Vikao vya Tawi vitafanyika nje, viti vikiachana, salamu kwa mdomo bila kushikana mikono. Kiongozi akiipita ndoo bila kunawa, mwanachama yeyote amrudishe, na asiogope cheo.

Tufanye kazi, watoto wasome, wageni tuwakaribishe. Na tunawe.

Imetolewa na Kamati ya Siasa ya Tawi, Utende, Mafia.
Tafadhali wasomeeni wazazi wasio na simu.