Acha Stelingi Afe

Kila mtoto wa Kenya aliyewahi kulipa shilingi chache kuingia kibanda cha video anaijua sheria moja: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungwa kamba nyuma ya farasi aburutwe vumbini, lakini hafi. Ukiona amekufa, jua huyo hakuwa stelingi, endelea kungoja. Sheria hiyo ina raha yake, na na watoto sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na watu wazima wanaotazama muvi za kauboi kwa sheria hiyo hadi leo, na wengine waliokataa kuzitazama kabisa kwa sababu hawana habari kwamba muvi zenyewe ziliivunja zamani.

Kundi la kwanza mnalijua. Ni baba na ami zetu, wenye John Wayne wao na Clint Eastwood wao, wanaoamini kwamba kila kilichokuja baadaye ni makelele. Kundi la pili ni la rika langu. Wamesoma Ngũgĩ, wamesoma Fanon, na ukitaja kauboi wanakukunjia uso: hizo si zile za mzungu kuua Wahindi Wekundu na kuchukua ardhi yao? Sasa wewe, mjukuu wa watu walionyang'anywa mashamba, unatazamaje kitu kama hicho na popcorn mkononi?

Natazama kwa sababu hiyohiyo. Mtu akiniibia, nataka kusikia anavyojitetea. Na nataka kumsikia akiwa mzee pia, wakati maneno yake yameanza kugongana.

Tuanze kwa kuwapa wa kundi la pili haki yao. Mauaji ya Wounded Knee, ambapo jeshi la Marekani liliua mamia ya Walakota, wanawake na watoto wakiwemo, yalitokea Desemba 1890. Miaka 13 tu baadaye, mwaka 1903, Edwin Porter akatoa The Great Train Robbery, dakika kama kumi na mbili za majambazi, treni na farasi. Sehemu kubwa ilipigiwa New Jersey, upande wa mashariki, mbali kabisa na hiyo Magharibi yenyewe. Yaani damu haijakauka vizuri na tayari ni burudani. Halafu mwaka 1939 John Ford akaleta Stagecoach. Gari la farasi linakatiza jangwa, Waapache wanalivamia, na hatuambiwi wanataka nini. Hawana sababu. Wako pale kama mvua ya mawe. Waliowaigiza wengi wao walikuwa Wanavajo, na lile bonde la kupendeza lenye miamba mirefu, Monument Valley, liko katika ardhi ya Wanavajo. Mtu anaajiriwa kwao ili aigize adui anayevamia. Sina la kutetea hapo.

Lakini wenzangu wanafunga faili mwaka 1939 na kusema wamemaliza kesi. Hawajaifungua hata nusu.

Mwaka 1956 Ford yuleyule, na Wayne yuleyule, walirudi bonde lilelile na The Searchers. Safari hii stelingi ni Ethan, askari wa upande ulioshindwa ukipigania utumwa, ambaye anamtafuta mpwa wake aliyetekwa na Wakomanche. Anatafuta miaka na miaka, na katikati ya safari mtazamaji anagutuka: huyu jamaa hamtafuti ili amwokoe. Anamtafuta ili amuue, kwa sababu ameishi na Wakomanche. Kuna mahali anaipiga risasi maiti kwenye macho, ili roho yake, kwa imani ya watu wake, itangetange bila makao. Chuki yake imemfanya aijue dini ya adui kuliko wote walio naye. Hiyo siyo propaganda tena. Ni mtu mwenye nyumba akianza kunusa kitu kilichooza chini ya sakafu yake mwenyewe. Haichimbui yote, kweli, na mkuu wa Wakomanche humo ameigizwa na mzungu mzaliwa wa Ujerumani. Lakini ameinusa, na baada yake wengine wakaja na majembe.

Ndiyo maana nasema muvi moja ya kauboi ni uongo, lakini ishirini ni kesi mahakamani, na kila shahidi anampinga aliyemtangulia. High Noon ya 1952 inaonyesha mkuu wa polisi akizunguka mji mzima kuomba msaada dhidi ya majambazi, na kila mwananchi mwema ana kisingizio chake. Mwandishi wake, Carl Foreman, alikuwa akiandamwa wakati huo na kamati ya Bunge iliyowasaka wakomunisti, na wengi wameuona mji ule kuwa ni Hollywood. Howard Hawks na Wayne walichukia muvi hiyo. Wakajibu mwaka 1959 kwa Rio Bravo, ambamo sherifu hataki msaada wa raia hata akiletewa. Watu wawili hawa wanabishana juu ya uoga, siasa na wajibu, na silaha zao ni kofia na farasi! Ukitazama moja tu, umesikiliza simu ya upande mmoja.

Halafu wakaja Waitaliano, ambao hawakuwa na deni la heshima kwa mtu. Sergio Leone alichukua hadithi ya samurai kutoka kwa Yojimbo ya Kurosawa bila kuomba ruhusa, akaipeleka jangwa la Uhispania, na mwaka 1964 tukapata A Fistful of Dollars. Wazee wetu wanaipenda kwa ajili ya Eastwood na filimbi za Morricone. Mimi pia. Lakini ningewaomba watazame tena Once Upon a Time in the West, ya 1968. Familia moja inauawa shambani, hadi mtoto, na anayemuua mtoto ni Henry Fonda, ambaye Marekani nzima ilizoea kumwona akiigiza watu waadilifu. Kwa nini wanauawa? Kwa sababu shamba lao kavu lina maji, reli inakuja, na treni ya mvuke lazima isimame kunywa. Baba mwenye shamba alijua reli itapita wapi.

Mkenya gani anahitaji kutafsiriwa hiyo? Sisi tunajua mtu anavyotajirika kwa kujua barabara itapita wapi kabla ya jirani yake kujua. Mwitaliano aliyekuwa na umri wa babu yangu amenieleza mambo ya ramani, fidia na makaburi kuliko hotuba zote za kampeni nilizowahi kusimamia juani.

Mwaka huohuo, 1968, Sergio Corbucci akatoa The Great Silence. Humo stelingi ni bubu, anatetea maskini waliokimbilia theluji baada ya kuitwa wahalifu, na mwisho anauawa. Anakufa kabisa, wale maskini wanauawa, na wauaji wanaondoka na karatasi halali za serikali za kulipwa kwa kila kichwa. Mara ya kwanza nilikaa nikingoja ainuke. Hakuinuka. Nadhani hapo ndipo muvi ya kauboi inapokuwa ya watu wazima: inapokubali kwamba sheria inaweza kuwa upande wa muuaji, na risiti anayo.

Ukitaka weusi, wapo. Buck and the Preacher, 1972, imeongozwa na Sidney Poitier, na ndani yake yeye na Harry Belafonte wanazilinda familia zilizotoka utumwani zikielekea magharibi, huku wazungu waliokodiwa wakiwawinda ili kuwarudisha mashambani. Hao wawili si wageni kwetu. Mwaka 1959, pamoja na Jackie Robinson, walitia saini barua ya kuchangisha fedha za ndege zilizopeleka wanafunzi wa Tom Mboya Marekani. Kwa hiyo anayesema kauboi hatuhusu aongee polepole.

Na Waafrika wenyewe walishaichukua. Mwaka 1966 Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza muvi fupi ya kijana anayerudi kijijini kutoka Marekani na mzigo wa nguo za kauboi. Anawavika rafiki zake, na kijiji kinaharibika. Kinshasa, miaka ya 1950, vijana walijiita Mabill kwa sababu ya Buffalo Bill, wakajitengenezea hadi lugha yao. Na Afrika Kusini mwaka 2017 ilitoka Five Fingers for Marseilles, nyingi yake kwa Kisotho. Wavulana waliopambana na polisi wa makaburu wanakua. Mmoja aliyetoroka anarudi baada ya miaka mingi na kukuta mwenzake ni meya, mwingine ni mkuu wa polisi, na mji bado una hofu. Mabwana wamebadilika rangi tu.

Hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu hadithi hiyo tunayo hapa na hatujaipiga. Marekani walikuwa na sheria ya 1862 iliyogawa ekari 160 kwa mlowezi, kana kwamba ardhi haikuwa na watu. Sisi tulikuwa na mikataba ya 1904 na 1911 iliyowahamisha Wamaasai, ya pili ikiwatoa Laikipia. Walienda mahakamani, na mwaka 1913 kesi ikatupwa. Mwaka 1915 ikaja sheria ya kumpa mlowezi ardhi kwa miaka 999. Farasi tunao, ng'ombe tunao, reli, wizi wa mifugo, seng'enge, mji mdogo wenye baa moja na kituo cha polisi, vyote tunavyo. Tunachokosa si mandhari.

Tunachokosa ni moyo wa kumtazama stelingi wetu. Tukipiga muvi ya ardhi, mzungu atakuwa mbaya, na ni kweli alikuwa mbaya. Kisha bendera itapandishwa na taa zitawaka. Hiyo ni Stagecoach yetu, imegeuzwa tu upande. Nani atapiga inayofuata, ile ambayo mpiganaji anatoka msituni na kukuta shamba limeandikwa jina la mtu aliyekuwa karani wa mzungu? Ripoti ya Ndung'u ya 2004 kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria ina wahalifu wa kutosha muvi hamsini. Iko pale, imechapishwa, haina hata farasi mmoja.

Wamarekani waliiba, wakadanganya, halafu watoto wao wakawaumbua mbele ya dunia nzima, kwa picha kubwa na muziki mzuri. Kuwaumbua hakukurudisha hata ekari moja kwa Walakota, na sidai hivyo. Lakini leo Mmarekani anayetaka kusema hakujua, amenyang'anywa kisingizio hicho na muvi za kwao wenyewe.

Wazee, endeleeni mbele ya Wayne. Wenzangu, rudini nyuma yake. Na wewe uliye na kamera Nanyuki au Narok, tafadhali, ukifika kwenye onyesho la mwisho na stelingi wetu amesimama pale na hatimiliki mfukoni, usimwokoe.