Daftari Limehamia Ndani ya Mashine

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Leo daftari hilo limehamia ndani ya kompyuta, na vijana wanaojifunza uhasibu na biashara hawana budi kulifuata humo. Lakini wengi wao hufundishwa kubonyeza vitufe tu. Majina ya sehemu za mashine na kazi zake huyakariri kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani, kisha huyasahau. Sisi tunasema jambo hili lina hatari.

Tutazame yaliyotokea Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la nchi hiyo liliweka katika posta zake ndogo mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mashine ikaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambazo hazikuibwa na mtu. Wakuu wa posta hizo walitakiwa walipe. Wengine walilipa kutoka mifukoni mwao, wengine walifilisika, wengine walifungwa gerezani. Hadi mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani. Waliambiwa kwamba hakuna awezaye kugusa hesabu zao kutoka mbali. Kumbe mafundi wa kampuni waliweza. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa.

Funzo ni kwamba mashine iliaminiwa kuliko binadamu, kwa sababu wenye kuhukumu hawakujua waulize nini.

Nasi Tanzania tunayo historia yetu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo katika kazi ya hesabu kwa mashine, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Marufuku hiyo imekwisha zamani, na tangu mwaka 2010 mashine za kielektroniki za stakabadhi zimeingia hata madukani. Kuifungia mashine mlango hakukutupa ujuzi. Kuifungulia bila kuielewa hakutatupa pia.

Basi mwanafunzi aelewe nini? Aelewe kwamba maunzi ni vile vyombo vinavyoshikika kwa mkono. Na programu ni maagizo yaliyoandikwa na mtu, na mtu hukosea. Hifadhidata ni ghala la kumbukumbu, na ghala lina mlinzi: ni lazima ijulikane nani ana ruhusa ya kuingia. Nywila ni ufunguo na sahihi kwa pamoja. Ampaye mwenzake nywila yake ametia sahihi karatasi tupu. Nakala rudufu ni daftari la pili, ambalo halifai kukaa chumba kimoja na la kwanza. Tena kila mfumo bora wa hesabu huweka kumbukumbu ya nani alibadili tarakimu gani, na saa ngapi. Mkaguzi asiyejua kuidai kumbukumbu hiyo hakagui. Anasoma tu alichoandikiwa.

Wako watakaosema kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya mitihani na ya biashara za nje. Hatukatai, na kijifunzwe. Lakini neno lisiloeleweka halimsaidii karani anayeshitakiwa kwa upungufu asioufanya. Maneno ya Kiswahili tayari yapo. Kinachokosekana ni kuyatumia darasani, na kuuliza maana yake katika mtihani badala ya kuuliza majina matupu.

Tunawaomba walimu wa vyuo na watungaji wa mitihani walifikirie jambo hili. Tunawahimiza na vijana wenyewe: kila mashine ikupapo jumla, iulize imeipata wapi. Atakayetia sahihi chini ya hesabu ni wewe, si mashine.