Breka Haikujui

Ingia ploti yoyote ya Kangemi, Kawangware, Uthiru au Kinoo, ile ya nyumba ya mawe mbele na vyumba vya mabati nyuma, kisha inua macho. Utaona waya mweupe umechomoka kwenye dirisha la jikoni, ukafungwa juu ya kamba ya nguo, ukapenya kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari. Kule unakoishia pana banda la kuku, au kinyozi, au kijana aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Muulize mwenye ploti kama haogopi. "Aah, kwa nyumba kuna breka. Kukiwa na shida itakata."

Ikiwa shida yenyewe ni mtu kushika waya, haitakata. Breka haikuwekwa kwa ajili yako. Iliwekwa kwa ajili ya waya, usichemke hadi uchome nyumba. Mwenye ploti ameajiri bawabu wa kulinda gari, halafu analala mlango wazi akidhani analindwa yeye.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Stima yetu ni volti 240. Globu ya kizamani ya wati 60 huvuta robo ya ampia. Mtu aliyelowa maji, akiwa peku juu ya udongo, akishika waya ulio hai, mwili wake unaweza kuvuta karibu hiyohiyo robo. Breka ya ampia 32 haizimiki kwa sababu umewasha globu, sivyo? Basi kwake wewe ni globu moja imeongezwa nyuma ya nyumba, na itaendelea kukuhudumia.

Kiasi kinachoua ni kidogo kuliko hicho. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliwashikisha stima watu waliojitolea, akapima ni wapi vidole vinakataa kuachilia, maana asiyeachilia huendelea kupigwa. Ukigawa ampia moja vipande 1,000, wanaume walishindwa kwenye wastani wa vipande kama 16, na wanawake chini ya hapo. Mnamo 1961 akabuni kifaa kinacholinganisha stima inayoenda na ile inayorudi, kikiona pengo, kinakata. Ndugu yake anauzwa hapa mjini, mafundi wanamwita RCD. Yule wa kawaida wa majumbani hukata kwenye vipande 30, kabla ya theluthi moja ya sekunde kuisha. Huyo ndiye anayekujua wewe.

Nikisema haya mbele ya mafundi, mmoja hunijibu kwamba yeye hupiga athi, yaani huunganisha bati na ardhi, tena kwa fimbo nzima ya shaba. Hongera. Tuifuate fimbo hiyo basi. Waya umekwaruzwa na ukingo wa bati, na sasa ukuta mzima wa banda, mlango na hata kufuli vina stima. Ni Februari, udongo mwekundu wa Uthiru umekauka na kupasuka, na fimbo inapitisha umeme kwa shida, tuseme ukinzani wa omu 40. Gawanya 240 kwa 40: ampia 6. Hiyo ni stima ya pasi moja. Breka inadhani kuna mtu anapiga nguo pasi, mchana na usiku. Kwa siku zinapotea zaidi ya uniti 30. Token zinaisha, na mpangaji wa nyuma anatuhumiwa kupika kwa koili kisirisiri, ilhali anayekula stima ni ukuta wake mwenyewe. Siku akiugusa akitoka kuoga ndipo tutaitana.

Halafu kuna ugonjwa wa kuongeza saizi. Breka ikikata mara mbili kwa wiki, mtu hapigi simu kwa fundi, anapanda matatu hadi River Road, na wa dukani anamwambia, "Chukua ya 32, mkubwa, hii haitakusumbua." Kweli haitamsumbua. Breka ya ampia 32 inaweza kubeba ampia 36 siku nzima bila kushtuka, na ule waya mwembamba uliovutwa kwa kuku hauwezi. Sasa hata kazi yake halisi, ya kulinda waya, imeachishwa.

RCD nayo inaitwa msumbufu. Inakata mvua ikinyesha, inakata friji kuukuu ikiwashwa, kwa hiyo fundi anairuka na kuunganisha moja kwa moja. Nawaelewa wanaolia gharama, maana ploti hizi hazikujengwa na matajiri. Lakini kifaa kinachokata mvua ikinyesha kinakuambia maji yameingia kwenye kiungo kilichofungwa kwa utepe. Kumziba mdomo anayekupa habari si ufundi. Kwa mujibu wa Sheria ya Kawi ya 2019, kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi nchini, na kuomba kuiona leseni hakugharimu hata shilingi.

Mimi si mtakatifu. Banda langu la kuku lilikaa miaka miwili kwenye waya wa dirishani, mpaka siku shangazi yangu alipoanika shuka mbichi na kulalamika kwamba kamba inamwasha vidole. Fundi alisema ni "stima kidogo tu". Nilimlipa, nikatafuta mwingine. Huyo alichimba mtaro wa nusu mita, akalaza kebo iliyovikwa nyaya za chuma, akapiga athi, akafunga RCD. Kila mwanzo wa mwezi nabonyeza kitufe chake cha T, banda linakuwa giza, na jogoo ananitukana.